Mgonjwa Mmoja, Miaka Kumi na Moja

Siku ya arobaini ya mama yao watu walisoma hitima, wakala pilau, wakakunja mikeka, na kabla masufuria hayajaoshwa ukoo ulikuwa umeshampatia Swaumu mgonjwa mwingine.

Wasilaumiwe kupita kiasi. Walikuwa wamezoea. Swaumu alikuwa na miaka thelathini na sita kiharusi kilipomwangusha mama yao uani, katika nyumba yao ya Mtaa wa Mahiwa, Kariakoo, na yeye ndiye aliyekuwa karibu: ameachika, hana mtoto, ana kazi ya kuuza vitambaa ambayo kila mtu aliona inaachika. Wakamwambia aiache kwa muda, mpaka mama apate nafuu. Muda huo ukawa miaka kumi na moja. Kwa miaka yote hiyo aliogesha, alilisha, aligeuza, alifua, na ndugu walikuja Ijumaa na mfuko wa machungwa, wakakaa nusu saa, wakamsifu kwamba pepo yake imeshaandikwa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndugu za Swaumu walilipima kanda hilo kwa macho tu, kutokea mlangoni.

Mgonjwa mpya alikuwa Shangazi Kijakazi, dada wa marehemu baba yao, mjane asiye na mtoto, anayekaa Magomeni. Naye kiharusi kilikuwa kimempiga majuma mawili kabla. Abdulmalik, kaka yao mkubwa, mwenye duka la vipuri vya magari Gerezani, alilileta jambo hilo mbele ya wazee kwa upole, utadhani anatoa zawadi. Swaumu ana mkono wa kuuguza, alisema, na kwa sasa hana kazi. Wazee wakaitikia. Swaumu akaomba apewe muda. Kaka yake akampa miezi mitatu apumzike. Kwa sasa binti wa kazi angemwangalia shangazi.

"Labda upate kazi," Abdulmalik aliongeza huku akitabasamu. "Hapo tutazungumza mengine."

Aliyasema hayo kwa sababu hakuyategemea. Na Swaumu, aliyekuwa hajataka kitu chochote kwa muda mrefu, alijua palepale anachotaka. Hakutaka utajiri, wala hakutaka mume. Alitaka kutoka nyumbani asubuhi kwenda mahali ambapo asipofika, watu wataulizana yuko wapi.

Akaanza na alikokujua. Alipita maduka ya vitambaa ya Mtaa wa Uhuru, moja baada ya jingine, akakuta wenye maduka ni watoto wa wale aliowajua, na wauzaji ni mabinti wanaojipiga video na vitenge vyao na kuuza mpaka Mbeya bila kutoka dukani. Kijana mmoja mwenye duka alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akamuuliza amekuwa akifanya nini miaka yote hiyo.

"Nilikuwa namuuguza mama," alisema Swaumu.

"Pole sana, mama. Na kazi?"

Alirudi nyumbani akalia, halafu akajikasirikia kwa kulia. Mikono yake ilikuwa inamsumbua. Alfajiri iliamka yenyewe kutafuta mtu wa kumgeuza. Kuitafutia shughuli, akaamua kuvitoa sadaka vitu vya marehemu: kiti cha magurudumu, godoro la upepo, pakiti tatu za nepi za wakubwa. Jirani akamwambia kuna kituo kidogo cha mazoezi ya viungo Mtaa wa Sikukuu, chini ya ghorofa, katikati ya duka la mashuka na duka la ndoo za plastiki, kinachoendeshwa na kikundi cha wanawake. Akavipeleka.

Alikuta vurugu. Wagonjwa kumi na wanne, mtaalamu mmoja. Kijana huyo aliitwa Rogath, mtu wa Moshi, hajafika hata thelathini, na wagonjwa wote walimwita dokta ingawa kila siku aliwaambia yeye siyo dokta. Alikuwa anahangaika kumnyanyua mama mmoja mnene kutoka kwenye benchi. Swaumu hakusubiri kuombwa. Aliweka vitu chini, akamwingizia yule mama mkono chini ya kwapa, goti lake dhidi ya goti la mgonjwa, akamsimamisha kwa pumzi moja. Rogath alimtazama, akamuuliza amesomea wapi. Swaumu akamjibu kwamba amesomea nyumbani.

Kesho yake alirudi. Sista Ritha, muuguzi mstaafu aliyekuwa msimamizi wa kituo, alimweleza waziwazi kwamba mshahara hakuna, ni kujitolea, na chakula cha mchana cha pamoja na wagonjwa. Watu wa Bongo wanakijua vizuri kitendo hicho cha kujitolea: wengine hujitolea mwaka mzima, kisha kazi wakapewa wengine. Swaumu alikijua pia. Akavaa aproni.

Chakula cha mchana pale hakikuwa chakula tu, kilikuwa zoezi. Mgonjwa alikula mwenyewe, kwa mkono mzima ikiwa uliopooza bado mzito, akiangaliwa asipaliwe. Wengi walizoea haraka. Asiyezoea alikuwa Mzee Mbaruku, mnadi wa samaki wa soko la Feri kwa miaka arobaini, ambaye sauti yake, waliomjua walisema, ilikuwa inasikika mpaka kwenye pantoni. Kiharusi kilikuwa kimechukua upande wa kulia. Ulimi ulikuwa unarudi, mguu unarudi, lakini sahani ikiwekwa mbele yake Mzee Mbaruku aligeuza uso ukutani. Rogath alimbembeleza ashike kijiko kwa mkono wa kushoto, akatania kwamba kijiko hakina dini. Mzee hakucheka. Alikuwa akienda nyumbani na njaa, na Rogath aliandika kwenye faili lake kwamba mgonjwa amekata tamaa.

Swaumu alimtazama siku mbili, akajua. Huyu hakuwa amekata tamaa, alikuwa anaona haya. Mtu aliyekula sinia moja na wenzake tangu anaota meno, aliyewachapa watoto wake vidole kwa kugusa chakula kwa mkono wa kushoto, leo aambiwe mbele za watu ale kwa mkono wa chooni? Kijiko au si kijiko, mkono ni uleule. Moyo ukamuuma Swaumu kama anayeona mzazi wake anavuliwa nguo. Siku ya tatu alimsogeza mzee nyuma ya pazia la chumba cha kubadilishia nguo, akachota wali, akampa mdomoni. Hakumuuliza. Mgonjwa haulizwi uji, ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyoishi na mama yake. Mzee Mbaruku alikula sahani nzima, machozi yakimtoka, akamwambia kwa ulimi wake mzito, "Mungu akuweke, mwanangu."

Ikawa hivyo kila mchana kwa wiki tatu, na Swaumu alitembea kwa furaha kurudi Mtaa wa Mahiwa, akijiona hatimaye ana faida kwa mtu. Rogath, aliyeona sahani inarudi tupu, alifurahi akadhani kijiko kimekubalika.

Mambo yakafumuka mtoto wa mzee, Salma, alipokuja kulalamika. Baba yake nyumbani alikuwa ameanza kujikokota na kujifunga shuka mwenyewe, sasa ameacha vyote. Hata kikombe hagusi. Anakaa, anafungua mdomo, anasubiri. Rogath akauliza huku na huku, pazia likafunuliwa.

Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. Alimwita Swaumu pembeni, akamwambia, "Mama, kwa heshima zote, tumempoteza wiki tatu. Mkono usioombwa kitu unalala. Umemfundisha kulishwa."

Swaumu alijitetea. Alisema ana uzoefu, alimlisha mama yake hivyohivyo tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na mama hakulala njaa hata siku moja.

"Tangu siku ya kwanza?" aliuliza Rogath.

"Tangu tulipotoka hospitali. Miaka kumi na moja."

Kijana alifungua mdomo, akaufumba. Akatazama viatu vyake. Hakuna neno ambalo angeweza kulisema likamchoma Swaumu kama ule ukimya. Alivua aproni, akaikunja, akaondoka bila kuaga.

Siku mbili hakwenda. Alikaa kwenye chumba cha marehemu akiukumbuka mkono wa kulia wa mama yake, ule uliokuwa umekunjamana kifuani kama jani la mgomba lililopitiwa na moto. Mwanzoni haukuwa umekunjamana. Mwanzoni mama alikuwa anaunyanyua kidogo kuelekea kwenye bakuli, na Swaumu alikuwa anaurudisha chini taratibu akisema, acha mama, usijisumbue, mimi nipo. Sasa alikumbuka kila mara aliyourudisha. Na katikati ya siku hizo mbili Abdulmalik akapiga simu kukumbusha kwamba miezi mitatu imebaki wiki sita, na shangazi anamuulizia. Swaumu alikaribia kumwambia aje amchukue siku hiyohiyo. Kama kazi pekee aliyoijua duniani ameifanya kwa makosa, ataomba ipi tena?

Lakini kuna swali lililokuwa linamkaba, na mwenye jibu alikuwa Mtaa wa Sikukuu. Siku ya tatu alikwenda, akamkuta Rogath anapanga mikeka, akamuuliza bila hata salamu.

"Mama yangu angeweza kula mwenyewe?"

Rogath angeweza kudanganya, na watu wengi wangemwona mwema kwa kudanganya. "Sijui," alisema. "Sikumwona. Pengine angeweza kushika kikombe. Pengine asingeweza kitu." Akaweka mkeka chini. "Ila sidhani kuna mtu aliyewahi kukuonyesha. Hospitali walimruhusu, wakakupa mgonjwa na karatasi ya dawa, basi."

Ilikuwa kweli. Hakuna aliyemwonyesha. Swaumu alilia pale kwenye mikeka, safari hii bila kujikasirikia, na kijana wa watu alisimama hajui aweke wapi mikono yake. Alipomaliza alijifuta kwa upindo wa mtandio, akamwambia na yeye sasa asikilize. Mzee Mbaruku hajakata tamaa. Kijiko kile cha mkono wa kushoto hatakishika hata afe njaa, ni aibu yake na ana haki nayo. Na ile mipira ya raba mnayompa afinye kwa mkono wa kulia anaiona mchezo wa watoto. Huyu amezaliwa pwani, amekula kwa vidole maisha yote. Mpeni ugali.

Rogath alifikiri. Kisha akauliza, "Ugali mgumu kiasi gani?"

Siku hiyo Swaumu aliusonga mwenyewe, mgumu wa kushikika, akaupakua kwenye sinia moja na mchuzi wa samaki pembeni. Alitandika mkeka, akawaita wagonjwa wanne wanaume pamoja na Rogath, wakakaa kulizunguka sinia, na Mzee Mbaruku katikati yao. Kabla ya kuwaita alikuwa amewaonya wote: mtu asimtazame mzee, kila mmoja atazame tonge lake. Akapiga magoti nyuma ya mzee, akamnawisha mkono wa kulia kwa maji ya vuguvugu, akamuuliza kama anataka kula kwa mkono huu. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Swaumu akauweka mkono huo juu ya sinia, wake akauweka chini kuushikilia kwenye kiwiko. Hapo akaacha. Kuacha ndiko kulikotaka nguvu. Vidole vya mzee vilitambaa kwenye ugali, vikachota kipande, kikaanguka. Vikachota tena. Mikono ya Swaumu ilikuwa inawaka kwa hamu ya kumsaidia, akang'ata mdomo. Tonge la kwanza liliishia kwenye ndevu, la pili kwenye shuka. La tatu halikufika popote, kwani wenzake walikuwa wameshamaliza sinia, na Rogath akiwa mmoja wao, amekula kwa bidii zote kuonyesha kwamba hatazami.

Siku ya tisa tonge lilifika mdomoni. Lilikuwa baya, limepinda, nusu yake mchuzi mtupu. Mzee Mbaruku alilitafuna taratibu, akalimeza, akanyoosha mkono kuchota jingine kabla Rogath hajamaliza samaki. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu Swaumu alikuwa amekataza, lakini Sista Ritha alionekana mlangoni akijifanya anatafuta miwani aliyokuwa ameivaa.

Zikiwa zimebaki wiki tatu katika miezi ile mitatu, kikundi kikapata mfadhili wa nafasi moja ya kazi: mtu wa kufundisha familia namna ya kuuguza nyumbani. Tangazo likabandikwa mlangoni. Waliomba watu wengi, wakaitwa watatu, na wawili kati yao walikuwa mabinti wenye vyeti vya chuo ndani ya bahasha safi. Bahasha ya Swaumu ilikuwa na cheti cha darasa la saba na barua ya Rogath, ukurasa mmoja, iliyojaa makosa ya haraka. Swaumu alijua mahesabu ya mji huu. Usiku kucha aliomba asijipe matumaini ya bure.

Kamati ilikaa kwenye viti vya plastiki. Mama mmoja wa kikundi, asiyemjua, akamuuliza uzoefu wake.

"Mgonjwa mmoja, miaka kumi na moja."

"Mmoja tu?"

"Mmoja. Na nilimkosea," alisema Swaumu. "Nilimpenda mpaka nikamfungia mkono wake. Hakuna aliyenionyesha, na mimi sikumuuliza yeye anaweza nini. Wanaoleta wagonjwa wao hapa wanafanya kama nilivyofanya mimi, nawaona kila siku, na wao pia wanafanya kwa mapenzi. Mtu wa kuwakataza akiwa hajawahi kufanya hivyo, watamwona hana huruma. Mimi nikiwaambia, watanisikia."

Yule mama akaweka kalamu chini. Ijumaa iliyofuata, kabla ya swala, Sista Ritha alimletea Swaumu mkataba wa mwaka mmoja kwenye meza ya kukunjia taulo, akamwonyesha pa kusaini. Swaumu alisaini, akaenda kujifungia chooni, na waliopita nje walidhani kuna mtu anaumwa.

Jioni Abdulmalik alipiga simu kusema gari litakuja Jumamosi ya wiki ijayo, afungashe.

"Kaka, nimepata kazi."

Upande wa pili kikasikika kicheko kidogo. Akauliza kazi gani. Alipoelezwa, alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyeogopa: yaani yuko tayari kuuguza watu baki, na damu yake imwozee Magomeni? Swaumu alisikia ile hatia ya zamani ikipanda kifuani mwake, ileile iliyomfanya aache vitambaa. Aliiacha ipande, ikafika mwisho wake, ikakaa. Ndipo akamwambia kaka yake amlete shangazi Jumatatu saa mbili asubuhi, na amlete mwenyewe, asimtume dereva.

Alikuja. Abdulmalik hakuwa mtu mbaya. Alimteremsha shangazi yake garini kwa shida, akimshika kama mtu anayeteremsha kioo cha dirisha, huku wachuuzi wa Mtaa wa Sikukuu wakimpigia kelele asogeze gari. Shangazi Kijakazi alikuwa amevaa baibui lake jipya. Swaumu alimwamkia, akambusu mkono, akamkalisha, kisha akazunguka upande wa pili wa meza na kuchukua fomu ya kupokelea wagonjwa. Aliandika jina, umri, mtaa, upande uliopooza. Akafika kwenye mstari wa mtu atakayemuuguza nyumbani, ambaye ndiye atakayefundishwa.

"Nani?" aliuliza.

"Si ujiandike wewe," alisema Abdulmalik.

"Mimi mfanyakazi wa hapa. Siandikwi."

"Mimi mwanaume, Swaumu. Na duka je?"

"Kuogesha watafanya mkeo na binti zako, watakuja Alhamisi niwaonyeshe. Kula, kutembea na mazoezi ya mkono hayachagui mwanaume wala mwanamke. Asubuhi nusu saa, jioni nusu saa."

Abdulmalik alitazama mlango, akatazama simu yake. Nje mtu alikuwa anatangaza mashuka kwa kipaza sauti. Shangazi Kijakazi hakuweza kusema vizuri, lakini alikuwa akimtazama mpwa wake huyo, ambaye alikaa naye Magomeni miaka yote ya sekondari, akamfulia sare, akamwamsha kila alfajiri awahi shule. Alikuwa anamtazama bila kudai. Kisha akatazama chini, kama mtu anayejua kuwa ni mzigo na anaomba radhi kwa uzito wake. Abdulmalik aliliona hilo, na uso wake ukabadilika.

"Andika mimi," alisema.

Swaumu alimuuliza majina matatu kamili, kama alivyomuuliza mtu mwingine yeyote, na kaka yake akayataja moja moja, kwa sauti ya chini. Akaandika la kwake, la baba yao na la babu yao, kisha akamwambia avue saa, akanawe mikono.